Jumamosi ya Mbalamwezi: Kisa cha Jiko Lililohamia Mwambani

Hodi ilipigwa saa tatu kasorobo usiku. Nilipofungua mlango nikamkuta jirani yangu amemshika mkono binti yake wa miaka tisa. Mtoto anajikuna shingo, macho mekundu, na nilipomwekea kiganja shavuni nikahisi joto kama la mtu aliyekuwa akipuliza moto wa makumbi. Mama mwenyewe kifua kinapanda na kushuka.

"Shikamoo mama. Unisamehe kwa usiku huu. Moyo unanienda mbio, kichwa kinagonga, na huyu naye ni hivyo hivyo. Tumekula vibua tu, hata vyombo sijatoa."

"Marahaba mwanangu. Nani mwingine kala?"

"Mdogo wangu, kalala chini huko ndani, anasema mdomo unawaka. Baba watoto kaonja tu."

Nikaita bajaji. Zahanati walimtazama mtoto kwanza, kwa kuwa ndiye aliyetoka vipele, wakampa dawa ya mzio, kisha wakampa mama na mjomba mtu. Baada ya saa moja hivi wote walikuwa wametulia. Neno walilorudi nalo lilikuwa moja: mtoto ana aleji ya samaki, asile tena. Kuanzia usiku ule, kwa wiki tatu na zaidi, hakuingia samaki katika nyumba ile, nyumba ambayo ukisimama mlangoni asubuhi unasikia bahari.

Nimefundisha sayansi kimu miaka mingi kabla ya kustaafu, na visa vya jikoni nimeviona vya kila aina. Hiki nakiandika kwa ruhusa ya mwenye nyumba, kwa sababu ndani ya sufuria moja ya vibua mlikuwa na jambo zima la kuhama mjini na kwenda kuishi pembezoni. Wengi wanahama sasa, na wanahama na jiko la walikotoka.

Familia hii ilikuja Tanga mwezi wa Mei kutoka Tabata, Dar es Salaam, baba akifuata kazi. Mama ni mtu wa Same, baba ni wa Singida, watoto ni wawili, na mdogo wa mama anaishi nao. Walitafuta nyumba mjini, wakaona kodi, wakaja kupata hii ya Mwambani, upande wa barabara ya Pangani, yenye uwanja mpana, mwembe na minazi mitatu. Tabata soko lilikuwa dakika tano kwa miguu, na genge lilikuwa mlangoni kabisa. Huku soko kubwa ni safari. Basi wakapanga kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angepanga: baba akitoka kazini Jumamosi mchana apite soko la Mgandini, anunue vya wiki nzima, apande na mzigo wake, friji ifanye kazi iliyobaki. Kabichi mbili, karoti, nyanya, viazi, kuku wa kisasa wawili, nyama kilo mbili, samaki wa Jumamosi na Jumapili, maziwa ya pakiti, na tui la pakiti.

Mwishoni mwa Julai mama alikuja kwangu na daftari. Mwanamke huyu anaandika kila kitu, na namheshimu sana kwa hilo. Bila daftari lile nisingekuwa na cha kuchambua. Alilifungua juu ya mkeka akanionyesha. Wiki ya kwanza jiko lilimla shilingi 104,000. Wiki za karibuni, tangu samaki waachwe, lilikuwa linapita 125,000. Nyama imepanda juu, kuku wameongezeka, soseji zimeingia. Na mtoto anakula kidogo, anasukuma sahani.

"Mama, naona nimehamia mahali ghali kuliko Dar," akasema, na alisema kwa uchungu.

Nilisikitika. Mwambani kuwa ghali kuliko Dar! Lakini hesabu zilikuwa mbele yangu, hazisemi uongo.

Usiku wa vibua

Nilianza na usiku ule, kwa sababu neno la aleji ndilo lililokuwa limefunga mlango. Mzio wa samaki upo, na unaweza kuua. Mtoto anayevimba midomo au kushindwa kupumua baada ya kula hapelekwi kwa jirani aliyestaafu, anapelekwa hospitali mbio. Lakini mzio ni wa mtu na mwili wake. Hapa waliokula ni wanne. Watatu walishikwa ndani ya nusu saa, na wa nne, yule aliyeonja matonge mawili, alisema ulimi ulimchoma kama aliyetafuna pilipili manga. Baba na shemeji yake hawana damu moja. Watu wanne hawaamki siku moja wote na mzio mpya wa kitu kile kile.

Tena binti amekula vibua Tabata tangu anajua kula. Na hapa hapa Mwambani, wiki ile waliyofika, niliwapelekea sahani ya tasi wa kukaanga kuwakaribisha; alimaliza mpaka mkia, akalala salama.

Kilichowapotosha ni ile dawa. Ilifanya kazi, kwa hiyo ikaonekana ugonjwa ni mzio. Ukweli ni kwamba kinachomwasha mtu wa mzio huitwa histamini, na mwili wake mwenyewe ndio huimwaga. Sasa kuna samaki ambao nyama yao ina kwa wingi kitu kinachoitwa histidini: vibua, jodari, sehewa, nguru, na dagaa nao wamo. Samaki hao wakikaa na joto bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini, na mlaji anaimeza ikiwa imeshatengenezwa. Uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unakimbia, wengine wanatapika au kuharisha. Dawa ni ile ile ingawa chanzo ni kingine. Na hili kila anayeshika mwiko anapaswa kulijua: histamini ikishakuwemo haitoki. Haitoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha, kwa kugandisha wala kwa ndimu. Samaki anaweza asinuke kabisa, akakaangika vizuri na kupendeza sahanini.

Mimi si daktari. Niliwaomba waende hospitali, wote wanne pamoja, waeleze usiku ule mwanzo mpaka mwisho: nani alikula nini, kiasi gani, saa ngapi. Zahanati waliangalia zaidi vipele vya mtoto, hawakupewa hadithi nzima. Daktari aliyewasikiliza alikubali kwamba dalili zile zinafanana zaidi na sumu ya samaki aliyekaa, akawapangia namna ya kumrudishia mtoto samaki kidogo kidogo na nini cha kuangalia. Kwanza alikula changu, bila tatizo.

Likabaki swali la vibua wenyewe. Nikamuuliza baba aliwanunua wapi. Alisema kibanda cha njiani, saa kumi jioni, na bei ilikuwa nzuri. Nikainua macho kwenye ukuta wangu. Nina kalenda ambayo kila mwaka naletewa kutoka msikitini, yenye tarehe za Kiislamu kando ya zile za kawaida. Jumamosi ile ilikuwa mwezi kumi na tano, yaani siku ya kumi na tano tangu mwezi uandame, mwezi ukiwa mpevu.

Mtu wa bara haimwambii kitu tarehe hiyo. Kwa mtu wa pwani inasema mengi. Vibua na dagaa wetu kwa sehemu kubwa huvuliwa usiku kwa taa: chombo kinawasha taa juu ya maji meusi, samaki wanakusanyika chini yake, nyavu inazungushwa. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga, taa inakosa nguvu, na wavuvi wengi wa aina hiyo hupumzisha vyombo mpaka giza lirudi. Kwa hiyo vibua wa rahisi, jioni, usiku wa mbalamwezi, ni vibua wa kuuliza maswali. Ama walivuliwa siku kadhaa nyuma, ama wametoka mbali, na katika hali zote mbili barafu ndiyo ingewaokoa. Simhukumu muuzaji. Huenda naye aliwanunua kwa nia njema akiamini ni wazima. Lakini hata angekuwa ni wa alfajiri ile, kutoka alfajiri hadi saa kumi jioni kwenye meza ya mbao ni muda mrefu mno kwa kibua.

Nikarudi kwenye daftari kwa jicho jingine. Kila samaki aliyewahi kununuliwa na nyumba ile alikuwa wa Jumamosi, kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Kila mboga ilikuwa ya Jumamosi. Jumatano mchicha umeshakuwa majani ya kutupa, na mara mbili ameandika "mboga imeharibika" pembeni mwa ukurasa. Hapo ndipo niliposadiki kwamba tatizo lilikuwa hiyo Jumamosi yenyewe. Walikuwa wamekuja na ratiba ya mji uliojaa magenge, mahali ambapo chakula kinakuja kwa saa zake, na saa hizo hawakuwa wanazijua kwa sababu hakuna aliyewaambia. Nami nikiwa wa kwanza, nawapelekea sahani na kukaa kimya.

Kalenda ya ukutani

Nilimnunulia mama kalenda kama yangu, tukaitundika karibu na jiko. Wao ni Wakristo, na aliniuliza kama haina neno. Nikamwambia mwezi ni wa wote, sisi tunauhesabu tu.

Tulianza na bamvua na maji mafu. Mwezi ukiwa mpya na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Hizo ndizo siku za bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji yanasogea kidogo tu, ndiyo maji mafu. Na katika pwani yetu siku za bamvua maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, halafu kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwamba unabaki mkavu, wanawake na vijana wanashuka na vijiti vyao kuchokoa pweza. Saa sita mchana pweza wanapita mtaani, wengine kwenye beseni kichwani, wengine wananing'inia kwenye usukani wa baiskeli. Mama alikuwa amewaona tangu Mei. Alidhani ni bahati tu, siku wanapita siku hawapiti.

Kwa hiyo mwezi kumi na tatu hadi kumi na saba ni siku za pweza, na vibua tunawaacha. Mwezi ishirini na saba hadi mwezi tatu ni bamvua na giza pamoja: pweza mchana, vibua na dagaa asubuhi, ndizo siku za neema. Katikati, maji mafu, tunategemea samaki wa dema, yaani wa mtego wa kusuka: tasi, changu, puju, pono. Hawa ni samaki wa mwambani, hawana histidini nyingi kama vibua, ingawa wakikaa wataoza kama nyama nyingine yoyote. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni. Alimchoma mdogo wake mama wiki ya pili, kidole kikavimba. Tulimchovya mkono kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, maumivu yakapungua. Sasa anaikata miiba kwa mkasi kabla ya kugusa chochote.

Juu ya mwezi kuna upepo. Familia ilifika katikati ya masika, na kusi limeanza. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusi huchafua bahari, ngalawa ndogo hazitoki kila siku, na bei inapanda. Kaskazi ikiingia, tangu Novemba, bahari inatulia na samaki wakubwa wanaonekana. Walikuwa wamehukumu Tanga kwa miezi yake migumu.

Kisha nikamfundisha kuuliza. Sisi wanunuzi tumezoea kuanza na bei. Nikamwambia aanze na saa: hawa wametoka maji saa ngapi? Wavuvi wa usiku wanarudi alfajiri, mnada wa samaki wa Deep Sea unachangamka mapema, na wachuuzi wa baiskeli wanatufikia saa tatu, saa nne. Huyo wa saa tatu ndiye wa kununua vibua kwake. Baada ya saa ndipo macho, ambayo yawe yamejaa na yang'ae, na mashavu, ambayo yawe mekundu ukiyafunua kwa kidole gumba, na nyama, ambayo ukiibonyeza irudi. Dalili hizi zinasaidia, lakini kwa jamii ya vibua saa ina uzito kuliko jicho, kwa sababu histamini haionekani. Na ukishanunua, chombo kiwe na barafu, au samaki apikwe palepale. Kibua hangojei baba arudi kazini.

Siku moja alileta changu aliyempata kwa mtu asiyemjua, tukampasua pamoja. Uti wa mgongo ulikuwa umeachana na nyama, damu imevilia kando ya mfupa, na nyama inamung'unyika kabla hata haijapikwa. Nilinyamaza kidogo. Nimewaona wa namna ile miaka mingi. Huyo ni samaki wa baruti. Tanga imeumizwa sana na uvuvi huo. Matumbawe yaliyochukua umri wa watu kadhaa kukua yalivunjwa kwa sekunde moja. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ilianzishwa 2009 kwenye pwani yetu hii, na baadaye misako mikubwa ilipunguza mabomu kwa kiasi ambacho sisi wakazi wa ufukweni tulikisikia kwa masikio: asubuhi zikawa kimya. Nilimwambia asinunue tena, na akimwona yule mtu, aripoti kwa kamati ya wavuvi. Mwamba ukifa, kalenda yangu ya ukutani haina kazi.

Pweza, tui, na majani ya uani

Somo la pweza tulilifanya kwangu, Alhamisi ya bamvua. Aliwahi kujaribu mara moja peke yake, akatoka mgumu kama kandambili. Tulimpigiza juu ya jiwe la uani mpaka minyiri, ile mikono yake, ikalegea, tukamsugua kwa chumvi ya mawe mpaka utelezi wote ukatoka, tukamsuuza. Kisha nikamweka sufuriani bila tone la maji, nikafunika.

"Mama, hataungua?"

"Ngoja."

Baada ya dakika chache alifunua mwenyewe akakuta maji mekundu yamejaa nusu ya sufuria, yote ya pweza. Hapo ndipo anapoivia, kwenye maji yake, moto wa wastani, bila chumvi nyingine, mpaka kijiti kipenye kwenye mnyiri mnene. Yule wa siku ile alichukua karibu saa nzima. Maji yakikaribia kukauka ndipo unamkata.

Nazi tulizokuna zilikuwa za minazi yake. Naomba nikae hapa kidogo. Uwanja wake ulikuwa na minazi mitatu yenye nazi, na daftari lilikuwa na tui la pakiti kila wiki. Hakuwa mzembe. Aliwahi kukuna, akapika mchuzi, tui likakatika, likawa maji yenye vibonge, watoto wakakataa, akaona ni heri la pakiti. Tui la pakiti mara nyingi limetiwa vitu vya kulishikilia lisikatike. La kukuna halina kinga hiyo. Ndani ya tui mna mafuta yaliyoshikwa na protini na maji. Moto ukiwa mkali, protini inaganda, mafuta yanaachia, na ndimu au ukwaju ukitangulia mambo yanaharibika upesi zaidi.

Kwa hiyo tulikamua mara mbili. La kwanza, zito, tukaliweka pembeni kwenye bakuli. La pili, jepesi, likaenda na kitunguu, nyanya, bizari na pilipili, na pweza akapikwa humo mpaka mchuzi ukapungua. Halafu makaa yakatolewa nusu, likaingia tui zito, na mkono wake haukuacha kukoroga kwa upawa, anateka na kumimina, anateka na kumimina, mpaka mchuzi ukatoa povu jepesi la kuchemka pembeni. Hapo unaepua. Ndimu ikaja mezani. Nilimwona anaangalia mchuzi ule umetulia, mzito, rangi ya dhahabu, na hakusema neno. Alikwenda kumwita mdogo wake aje aone.

Mchunga ulikuja kwa njia nyingine. Nilikwenda kwake asubuhi nikamkuta analima palizi kando ya uzio, ameng'oa rundo la kutosha beseni mbili, tayari kulitupa. Nikainama, nikakwanyua jani moja, utomvu mweupe ukatoka. Mchunga mtupu, na katikati yake tako la hasani, minene, imenyweshwa na mvua. Ndani, kwenye friji, kulikuwa na kabichi ya Jumamosi.

"Mwanangu, hizi ni mboga."

Tulikaa kibarazani tukachambua. Mchunga ni mchungu kweli, jina lake halifichi. Ukichemsha na kumwaga maji ya kwanza unapungua, kisha unaungwa kwa tui zito na kitunguu, chumvi kidogo, basi. Tako la hasani lina chumvichumvi na uchachu wake, linapikwa upesi sana. Baba alipofika jioni na kuonja alisimamisha tonge. Yeye nazi ilikuwa haimkubali, alikuwa akisema inamkinai, na miezi yote ile alikuwa akila kwa kumridhisha mkewe. Lakini uchungu ule wa majani aliujua. Kwao Singida mboga za majani ya porini zinapikwa na karanga, na alianza kueleza mama yake alivyokuwa akizikausha. Wiki iliyofuata mchunga ulipikwa mara mbili, mara moja kwa nazi na mara moja kwa karanga kwa ajili yake.

Kisamvu walikuwa wanakijua, ila walikuwa wanakipika kwa haraka. Nilimsisitiza: kitwangwe mpaka kilainike kabisa, kichemke muda mrefu, sufuria wazi. Muhogo, majani na mizizi yake, una sumu ya asili, mwingine kidogo na mwingine nyingi, na kutwanga, kuloweka, kuanika na kuchemsha ndiyo njia ya kuitoa. Mashamba ya huku yana muhogo mtamu na muhogo mchungu pamoja. Watoto wameambiwa wasichimbe wala kutafuna muhogo wowote kabla ya kumuuliza mwenye shamba.

Bada, ugali wa unga wa muhogo mkavu, ndiyo iliyotushinda. Unga wa makopa tuliupata mzuri, mweupe, nikausonga mwenyewe, na mchuzi wa papa mkavu pembeni. Watoto walivutavuta lile tonge linalonata wakafurahi. Baba alimega mara mbili, akaomba radhi kwa adabu, akasema hawezi. Ugali wake ni wa mahindi ama uwele. Sikumlazimisha, na sioni kwa nini alazimishwe.

Daftari baada ya wiki kumi

Maziwa yalikuwa rahisi: nyumba ya nne kutoka kwake wana ng'ombe wawili, wanauza asubuhi, yeye anachemsha mara tu yanapofika. Tanga ni mkoa wa maziwa, kufuata pakiti mjini ilikuwa ni kutokujua tu. Machungwa ya Muheza yalikuwa msimu, yalipita mlangoni kwa mkokoteni.

Jiko limeshuka hadi wastani wa shilingi 93,000 kwa wiki. Samaki wanaliwa siku nne, wakati mwingine tano. Nyama mara moja. Baba bado anapita sokoni Jumamosi, lakini kwa vitu vikavu: mchele, unga, mafuta, sukari, vitunguu vya Lushoto, na kunde.

Siyo yote yamekuwa mepesi, na ningekuwa nadanganya kusema hivyo. Mkaa umeongezeka, kwa sababu pweza na kisamvu vinataka moto mrefu. Nimeihesabu ndani ya ile 93,000. Muda wa mama umeongezeka zaidi. Kukuna, kutwanga, kuchambua, kumsubiri mchuuzi wa saa tatu, haya yote ni mikono na ni saa, na kama asingekuwa nyumbani asubuhi mpango huu usingesimama. Mwanamke anayetoka kazini jioni atahitaji mpango mwingine: barafu ya uhakika kwenye chombo, au samaki wa dema badala ya vibua, au jirani wa kumnunulia asubuhi na kumhifadhia. Katikati ya Agosti kusi lilivuma siku tano mfululizo, hakuna baiskeli hata moja iliyopita. Walikula mbaazi za nazi, dagaa wakavu, na mayai. Aliandika "upepo" kwenye kila moja ya siku hizo, bila maelezo mengine, na nilielewa.

Mwezi ishirini na nane, mwishoni mwa Septemba, mchuuzi alisimama mbele ya nyumba yake saa tatu na dakika kumi. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu nawasikia.

"Wametoka maji saa ngapi?"

"Alfajiri hii dada. Nimewatoa Deep Sea mwenyewe, barafu hiyo hapo chini."

Alimtaka ainue gunia aione hiyo barafu. Akafunua mashavu ya watatu, akanusa, akanunua wanane. Hakungoja jioni. Saa tano walikuwa wameshakaangwa, na binti, ambaye siku hiyo alikuwa likizo, alikaa mbele ya sahani yake akamtazama mama yake kwanza. Alikula nusu ya kibua kimoja, kama daktari alivyoagiza, tukakaa naye kibarazani mpaka saa nane tukizungumza mengine. Hakuwashwa popote. Akauliza kama nusu iliyobaki bado ipo.

Kwenye daftari, ukurasa wa siku ile, kuna safu mpya iliyopigwa kwa rula kati ya "kitu" na "bei". Juu yake ameandika "saa".